Kidonge cha ami na wiki tano alizongoja

Simu iliingia saa nane usiku, namba ya ami. Mi niko Malindi, yeye yuko Lamu, Mkomani, na mzee wa miaka 71 hakupigii saa hizo kukujulia hali. Nikapokea, kwanza nasikia pumzi tu, alafu sauti ya chini kabisa kama mtu anayeogopa kuamsha nyumba: "Mwanangu, ndia imeziba. Tangu isha sijapata hata tone moya."

Nikamuuliza tumbo likoje, akasema chini ya kitovu pamekuwa pagumu kama dafu, kukaa hawezi, kulala hawezi, amesimama chooni ameegemea ukuta na jasho linamtiririka, na ulikuwa mwezi wa saba, kusi inavuma, watu wote wamejifunika mablanketi. Hilo si jambo la kungoja kuche. Nikampigia binamu yangu wa Langoni, akaenda mbio na vijana wawili. Punda haikuwezekana, maana kila hatua ya punda ilimpiga pale pale penye maumivu, kwa hiyo wakamkalisha upande kwenye kiti cha plastiki, wakamshusha zile ngazi za nyumba ya mawe ambazo hakuna mbili zinazolingana, wakambeba na kiti chake vichochoroni hadi hospitali. Muuguzi akamuwekea mpira wa mkojo. Ikatoka lita moja na robo. Binamu aliniambia ami alishikwa na usingizi kabla hata plasta ya kushikiza mpira haijakatwa.

Naandika haya kwa sababu usiku ule ungeweza kuzuilika, na mi nafanya kazi kwenye duka la dawa, nimesomea dawa, na sikuwahi kumuuliza ami swali hata moja kuhusu mkojo wake. Aibu zetu sisi. Tunaulizana habari za mvua na bei ya samaki, haja ndogo hatuulizani.

Kesho yake nilipanda basi la Mokowe asubuhi mapema, Gongoni, Garsen, Witu, na vile vituo vya ukaguzi vyote, alasiri nikavuka na boti. Nikamkuta ami kitandani, uso umemrudi. Swali la kwanza nililomuuliza ni hili: jana ulimeza nini? Alikuwa na mafua siku tatu, akanunua vile vidonge vya mafua vya kukausha kamasi. Nikaomba karatasi nikaisoma na nikajua hapo hapo. Vile vidonge aghalabu vina dawa mbili ndani. Moja ya mzio, ambayo inalegeza msuli wa kibofu ukashindwa kusukuma, na nyingine ya kufungua pua, ambayo inakaza ile shingo ya kibofu na misuli ya tezi dume. Yani kibofu kimelegea na mlango umebanwa, kwa pamoja, kwa mtu ambaye tayari mlango wake ni mwembamba. Kijana atameza na hatahisi kitu. Mzee mwenye tezi iliyotanuka anaweza kuishia kwenye kiti cha plastiki. Siku hizi mzee yeyote akija dukani kuomba dawa ya mafua namuuliza kwanza mkojo unatoka vipi, na sijali akinikasirikia.

Lakini mafua yalikuwa ni kichochezi tu. Nilipofungua mtoto wa meza nikitafuta kadi yake ya hospitali nikakuta vibao vya vidonge, finasteraidi ya miligramu 5, dawa ya kupunguza tezi dume, vingi havijaguswa. Kumbe mwaka uliotangulia, baada ya Idi, alienda kliniki moja, siitaji ni ipi, akaeleza kuwa usiku anaamka mara sita, mkojo unakatika katika, wakampa hivyo vidonge, akaambiwa meza kimoja kila siku, basi. Hakuna aliyemwambia vinafanya nini wala baada ya muda gani. Amemeza wiki tano, anaamka mara sita vile vile, na barazani mtu akamwambia hizo dawa zinahasi, zinamfanya mwanamume towashi. Akaviacha, na hakumwambia mtu.

Hilo liliniuma kuliko ule usiku wenyewe. Wiki tano! Hiki kidonge kwa kawaida kinataka miezi sita kabla hujaamua kama kimekufaa au la, na wengine hadi mwaka. Mtu aliyempa alipaswa kutumia dakika moja tu kumwambia hivyo.

Nilikaa na ami siku mbili kabla hatujasafiri kuja Malindi kwa daktari, na sehemu kubwa ya hizo siku mbili tuliongea habari ya hili neno kuhasi, kwa sababu halikuwa neno la kipuuzi, lina mzizi. Tezi dume inakaa chini ya kibofu na mrija wa mkojo unapita katikati yake kama uzi kwenye ushanga. Ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi, ukubwa wa ndimu ndogo. Umri ukienda, ile sehemu ya ndani inayoukumbatia mrija inaanza kukua, na si saratani wala haigeuki kuwa saratani, ni ukuaji tu. Maiti zilipochunguzwa ilionekana karibu nusu ya wanaume wa miaka hamsini na kitu wanao ukuaji huo, na wakipita 80 ni karibu 9 katika kila 10, japo si wote wanaosumbuka. Na ili ikue inahitaji homoni ya kiume. Kuna matowashi 26 waliobaki wa kasri la wafalme wa Uchina ambao madaktari wa Beijing waliwapima uzeeni, miongo mingi baada ya kuhasiwa, na kwa 21 kati yao tezi haikupapasika kabisa. Wapasuaji wa Marekani wa miaka ya 1890 walijaribu hata kuwahasi wazee wenye mkojo uliozuiliwa. Kwa hiyo yule mtu wa barazani hakuota, alichanganya tu.

Alichochanganya ni hiki. Testosteroni, homoni yenyewe, ikifika ndani ya tezi dume inabadilishwa na kimeng'enya fulani, yani kichocheo cha kemikali mwilini, ikawa homoni kali zaidi inayoitwa DHT, na hiyo DHT ndiyo hasa inayoiamrisha tezi ikue. Hili lilieleweka vizuri mwaka 1974, mtafiti Julianne Imperato-McGinley na wenzake walipoandika habari za watoto wa kijiji cha Salinas kule Jamhuri ya Dominika. Watoto hao walizaliwa na upungufu wa kile kimeng'enya, wakadhaniwa ni wasichana wakalelewa hivyo, na walipobalehe sauti ikawa nzito, misuli ikajaa, wakawa wanaume. Testosteroni walikuwa nayo ya kutosha. Walichokosa ni DHT. Na katika maisha yao yote tezi zao dume zikabaki ndogo. Wenye kutengeneza dawa wakauliza, je tukikizuia kile kimeng'enya kwa mzee? Ndipo ikapatikana finasteraidi, Marekani wakaipitisha kwa tezi dume mwaka 1992, na dutasteraidi ikafuata 2001, hii inazuia aina zote mbili za kimeng'enya wakati finasteraidi inalenga moja hasa, ile iliyojaa kwenye tezi.

Nikamwambia ami, kidonge hiki hakigusi testosteroni yako, tena ile ya kwenye damu huwa inapanda kidogo. Kinachoshuka ni DHT, finasteraidi inaishusha kwenye damu kwa kama asilimia 70, dutasteraidi zaidi ya 90. Tezi ikikosa chakula chake inasinyaa polepole, robo hivi ya ukubwa wake inaondoka. Polepole ndiyo lenyewe. Ni kama kumnyima mtu mnene wali, hutamwona amekonda kesho.

Sikumficha upande wa pili. Wapo wanaume, wachache lakini wapo, ambao hamu inapungua, au nguvu za chumbani, au manii yanakuwa kidogo, na wengine kifua kinauma au kuvimba. Ami alinisikiliza akiangalia dirishani. Alafu akauliza, si moja kwa moja, alisema "na mwenye mke, je?" Nikamwambia mwenye mke azungumze na daktari mapema badala ya kuacha dawa kimya kimya, kuna njia nyingine. Akatikisa kichwa. Tukaishia hapo.

Safari ya kuja Malindi sitaisahau. Mfuko wa mkojo ulikuwa unaning'inia mguuni na ami alikataa katakata kuonekana nao, basi shangazi akachukua kikapu cha ukindu, akatandika kanga chini, mfuko ukaingia humo, kanga nyingine juu, na ami akavuka na boti ameshika kikapu chake kama mtu anayepelekea watu mkate wa mofa. Mi kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kikapu kipo chini ya kiuno chake wakati wote, maana mfuko ukipanda juu ya kibofu mkojo unarudi. Kila kituo cha ukaguzi askari aliuliza kikapuni mna nini, na mimi ndiye nilikuwa nashuka kwanza kumnong'oneza. Wote walikuwa waungwana, Mungu awalipe.

Daktari wa Malindi alimpa maswali yale saba ya mkojo, kila moja alama 0 mpaka 5, jumla 35, na ukipita 19 uko kwenye hali mbaya. Ami alipata 23 kwa hali yake ya kabla ya kuziba. Altrasaundi ikasema tezi ni mililita 68, zaidi ya mara tatu ya kijana. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, 5.2. Akapapaswa, daktari akaridhika hakuna kigumu cha kutia shaka. Uamuzi ukawa dawa mbili pamoja, finasteraidi irudi na juu yake tamsulosini, kimoja kwa siku, nusu saa baada ya mlo ule ule kila siku. Hizi mbili zina kazi tofauti kabisa na watu wanazichanganya. Tamsulosini inalegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, utaiona ndani ya siku chache, lakini tezi inaendelea kukua kama kawaida. Finasteraidi inapunguza tezi yenyewe, lakini utangoja. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2003, wanaume 3,047 wakafuatwa kwa wastani wa miaka minne na nusu. Dawa ya kulegeza peke yake ilipunguza hatari ya hali kuzidi kuwa mbaya kwa asilimia 39, ya kupunguza peke yake 34, zote mbili pamoja 66. (Ya kulegeza waliyotumia wao ilikuwa doksazosini, ndugu yake tamsulosini.)

Siku ya saba mpira ukatolewa. Ami alikaa kwenye benchi la kliniki na chupa yake ya maji, anakunywa, anangoja, na mimi pembeni nangoja, hatuongei. Saa moja na nusu hivi ikapita. Akaenda chooni na lile kopo la kupimia, akarudi amelibeba kwa mikono miwili. Mililita 220. Daktari akasema inatosha, hakuna haja ya kurudisha mpira.

Alikaa kwetu karibu miezi miwili, na humo ndimo nilijifunza mambo ambayo vitabu viliyataja na mimi sikuyazingatia. La kwanza, kidonge cha finasteraidi kilimkwama kooni asubuhi moja na mke wangu, kwa wema wake, akachukua kisu akataka kukikata vipande. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilipiga kelele mpaka akakiangusha. Kidonge kizima kimefunikwa na ganda, lakini kikivunjwa au kusagwa mwanamke mjamzito hatakiwi kukigusa, kwa sababu ile ile ya watoto wa Salinas, mtoto wa kiume tumboni anaihitaji DHT ili maumbile yake yakamilike. Watu wangapi majumbani wanawasagia wazee dawa na hawajui hili?

La pili ni PSA. Baada ya miezi sita ya kidonge hiki PSA inashuka karibu nusu, na si kwamba hatari imeisha, ni dawa tu. Kwa hiyo anayesoma majibu lazima aizidishe kwa mbili, na ikianza kupanda wakati mtu bado anameza, hata kama namba ni ndogo, ichunguzwe. Nimemwandikia ami kwa kalamu nene juu ya kadi yake: ANAMEZA FINASTERAIDI. La tatu, ami alikuwa na miadi ya mtoto wa jicho, na tamsulosini inaifanya mboni ilegee wakati wa upasuaji wa jicho, daktari wa macho asipojua anaweza kupata shida katikati ya kazi. Tulimwambia, akashukuru sana kuambiwa.

Na kuna la ibada. Niligundua ami alikuwa ameacha kwenda msikitini karibu mwaka mzima, anaswali chumbani, kwa sababu baada ya kutia udhu kuna matone yanamtoka na aliona swala yake haifai. Mwalimu wetu wa darsa alimueleza vizuri, mwenye udhuru huo anatia udhu wakati wa swala ukishaingia, anajifunga kitambaa, anaswali, na kitakachotoka baada ya hapo hakimharibii faradhi yake. Mzee alilia. Mwaka mzima amekaa na jambo hilo peke yake, na msikiti uko nyumba ya tatu kutoka kwake.

Sasa nije kwenye lile ambalo hasa limenifanya nikae usiku kusoma. Kwenye lile benchi la kliniki ami alipata rafiki, mzee wa hapa hapa Malindi, mvuvi wa zamani, miaka 68. Walianza dawa wiki ile ile, dawa zile zile mbili, kipimo kile kile. Tezi yake ilikuwa mililita 61. Vidole vyake vimepinda kwa baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo, ameugua miaka zaidi ya kumi. Hakuruka siku hata moja, mkewe alikuwa anamhesabia. Miezi minane baadaye ami anaamka mara mbili usiku, na yule mzee alama zake zimetoka 22 zikaenda 21. Alafu akaziba, mara mbili ndani ya mwezi mmoja. Akapelekwa Mombasa akafanyiwa upasuaji wa kupitia njia ya mkojo, bila kisu cha nje, wanakwangua nyama ya ndani. Nyama ikapelekwa maabara, na alinipa ile ripoti nimsomee. Haikuwa saratani. Lakini iliandikwa kwamba kuna ukuaji wa kawaida wa tezi pamoja na inflamesheni sugu, imetapakaa.

Inflamesheni ni ule mwako mwili unaouwasha ukidhani kuna adui, askari wa kinga wanajaa mahali, pakidumu muda mrefu panageuka kero. Kumbe kwenye tezi dume ni jambo la kawaida mno. Utafiti mmoja wa dutasteraidi uliochukua vipande vidogo vya nyama ya tezi kwa wanaume zaidi ya 8,000 ulikuta inflamesheni sugu kwa zaidi ya robo tatu yao. Na kwenye ule wa 2003, walioonekana nayo kwenye vipande vyao ndio waliozidi kuziba mkojo kuliko wasiokuwa nayo. Askari wale wakijaa wanatoa kemikali zinazoamrisha nyama ijirekebishe na kukua, nyama ikikua inaita askari zaidi, na hivyo hivyo. Kinachouwasha mwanzo hakijakubaliwa, wengine wanasema maambukizi ya zamani, wengine mkojo unaorudi ndani ya vijitundu vya tezi, wengine mafuta ya tumboni na kisukari, wengine homoni zenyewe zinavyobadilika uzeeni, na huenda ni mchanganyiko.

Sasa uhusiano na kidonge. Watafiti wa Boston wameonyesha kwamba karibu theluthi ya wanaume wazima, tezi zao dume hazitengenezi kile kimeng'enya ambacho finasteraidi imeundwa ikizuie. Jeni yake, yani maelekezo ya mwili ya kukitengeneza, imezimwa, kama taa iliyowekewa utepe juu ya swichi. Na mojawapo ya vinavyoweka huo utepe ni inflamesheni, kupitia kemikali moja iitwayo TNF. Fikiria hapo. Kidonge kinakwenda kufunga mlango ambao haupo. Tena kwa tezi za namna hiyo waliona homoni ya kike, estrojeni, ambayo wanaume wote tunayo kiasi, inaongezeka nguvu ndani ya tezi, kwa hiyo ukuaji unaendelea kwa njia nyingine. Na TNF hiyo hiyo ndiyo inayowatesa wenye baridi yabisi. Utafiti wa Marekani wa 2022 uliona wanaume wenye magonjwa ya kinga kama hayo wanapata tezi kutanuka zaidi kuliko wengine, na kati ya wale waliotibiwa kwa dawa za kuzuia TNF waliolipata tatizo hilo walikuwa wachache zaidi.

Nikasoma hiyo nikamkumbuka yule mzee na vidole vyake. Sisemi ndiyo sababu, mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, na hakuna aliyempima hiyo jeni. Lakini daktari wake alipoona ripoti alisema inaingia akilini. Na kwangu mimi ina maana kubwa hata bila dawa mpya, kwa sababu watu wawili wakimeza kidonge kimoja na mmoja akapona, yule mwingine anaambiwa hukumeza vizuri. Mkewe alikuwa ameanza kujilaumu. Nilimwambia mama, ulihesabu sawa, tezi yake ndiyo haikusikia.

Dawa za kuzuia TNF si za tezi dume, ni sindano ghali na zina hatari zake, zinatolewa kwa hao wenye viungo vinavyoharibika. Hili nalisisitiza kwa sababu niliyemweleza habari hii dukani alitaka kununua diklofenaki papo hapo, ati ni ya inflamesheni. Hapana jamani. Zipo tafiti fupi zilizoonyesha dawa za maumivu zinapunguza dalili kidogo, lakini kumeza kila siku kwa mzee ambaye mkojo wake haushuki vizuri ni kuzitafutia figo balaa, na vidonda vya tumbo juu yake. Na zile chupa za stendi zenye picha ya simba? Sina la kusema ila mara nyingi mtu anakuja kwetu baada ya miezi sita ya chupa, figo zimeshaanza kujaa. Kuna gome la mti wa milimani kwetu Kenya, Prunus africana, ambalo Ulaya linatengenezwa vidonge vya tezi miaka mingi na lina nafuu kidogo kwenye tafiti, lakini chupa ya stendi haikuambii imewekwa nini.

Ami alirudi Lamu. Juzi alikuja kupimwa, mwaka mmoja kamili. Mililita 49. PSA 2.4, kwa hiyo ukizidisha ni 4.8, daktari ameridhika. Alama 9. Anaamka mara moja, na hiyo moja anasema ni ya tahajudi. Kuhusu mwenye mke sikumuuliza, na alipoona nasita akasema "hamna neno," akacheka.

Alitaka tupite kumuona rafiki yake. Tukamkuta barazani kwake, amenenepa kidogo, anakojoa kama kijana kwa maneno yake, vidole ndio vile vile. Wamekaa wamekula mahamri na mbaazi wamebishana habari za samaki. Tulipoaga mkewe akaingia ndani akatoka na mfuko, vibao vinne vya finasteraidi vilivyobaki, havijafunguliwa, akasema kuna jirani yao hapo nyuma ana shida hiyo hiyo, anaamka usiku kucha, wampe asipoteze pesa. Nikaangalia tarehe, bado nzuri. Nikamwomba aniitie huyo jirani kwanza. Akaja, mzee wa miaka sitini na kitu, ameshika mlango, hataki kukaa, anasema ana matatizo madogo tu. Nikamuuliza kama amewahi kupimwa, hapana. Damu kwenye mkojo? Akanyamaza, alafu akasema mara moja, mwezi wa Ramadhani.

Vibao nimevichukua mimi. Yeye tumekubaliana Jumatatu saa mbili asubuhi kwenye lile benchi, na ami amesema haendi Lamu mpaka Jumanne.